Waliokuja Bila Joho: Kutoka Sarnath hadi Nagpur

Kutoka Varanasi hadi Sarnath ni mwendo wa kilomita kama kumi, na bajaji zinazobeba mahujaji hukuacha karibu na ukuta wa bustani ya magofu. Kinachoonekana kwanza ni Dhamek, stupa nene ya matofali na mawe yenye kimo cha mita 43 hivi na upana wa mita 28. Sehemu yake ya chini imezungushiwa mshipi wa mawe yaliyochongwa maua na michoro ya pembe, na juu ya mshipi huo kuna vishubaka vinane vilivyokuwa na sanamu zamani, vyote vitupu sasa. Mahujaji kutoka Thailand, Myanmar na Sri Lanka huizunguka wakiiweka upande wa kulia, na baadhi yao hubandika vipande vya karatasi ya dhahabu kwenye mawe, vikabaki vikimetameta mpaka mvua ivioshe. Hapa, kwa imani ya Wabuddha wote, ndipo Buddha alipotoa hotuba yake ya kwanza mbele ya wasikilizaji watano. Kwa hiyo mtu huja Sarnath akitarajia historia ya watawa: mwalimu aliyeacha jumba la kifahari, wanafunzi walionyoa nywele, monasteri, vitabu vya majani ya mtende. Historia hiyo ipo. Lakini njia niliyoifuata kutoka hapa kupitia Nalanda na Bodh Gaya hadi Nagpur ilinionyesha nyingine, ambayo naiona na nguvu zaidi. Nchini India, waliousimika Ubuddha, waliohifadhi kumbukumbu yake na hatimaye waliourudisha, kwa sehemu kubwa hawakuwa watu wa joho. Walikuwa mfalme, msafiri aliyeandika, mwanaharakati wa magazeti na mahakama, na mwanasheria aliyezaliwa katika tabaka la wasioguswa. Dini ambayo shujaa wake aliukimbia ulimwengu iliokolewa na watu waliokataa kuukimbia.

Ushahidi wa kwanza uko hapo hapo bustanini, ndani ya kizuizi cha vioo: vipande vya nguzo ya Ashoka. Mfalme huyu wa ukoo wa Maurya, aliyetawala kuanzia mwaka 268 KK hivi hadi 232 KK, anajulikana kwa kujuta baada ya vita vya Kalinga. Kwa maandishi yake mwenyewe aliyochonga kwenye mwamba, watu 100,000 waliuawa katika vita hivyo na 150,000 wakahamishwa. Ni nadra mtawala kuchonga hesabu ya wafu wake kwenye jiwe ili kila apitaye aisome. Maandishi ya Sarnath hayana huruma ya namna hiyo, ni amri. Yanasema mtawa yeyote, mwanamume au mwanamke, atakayeleta mgawanyiko katika jumuiya avikwe nguo nyeupe, yaani nguo za raia, na aondolewe monasterini. Nakala ya amri iwekwe mahali ambapo waumini wa kawaida wataipata, nao waje kila siku ya ibada kuithibitisha. Mwelekeo wa mamlaka hapa hauhitaji maelezo mengi: mlei mwenye taji ndiye anayewaamrisha watawa kuhusu nidhamu yao, na walei wengine wanafanywa mashahidi. Kule Lumbini, alikozaliwa Buddha, nguzo nyingine ya mfalme huyo huyo inatangaza kwamba kijiji kimepunguziwa ushuru, walipe sehemu moja ya nane. Heshima kwa mahali patakatifu ilifika kwa mkulima katika umbo la nafuu ya kodi.

Kichwa cha nguzo ya Sarnath kimewekwa katika jumba la makumbusho lililo hatua chache kutoka magofuni: simba wanne waliopeana migongo, jiwe limesuguliwa mpaka linang'aa kama lililopakwa mafuta. Kilifukuliwa na Friedrich Oscar Oertel katika uchimbuzi wa 1904 na 1905, na tarehe 26 Januari 1950 kikawa nembo ya Jamhuri ya India, hivyo kimo kwenye kila noti ya rupia na kila pasipoti. Ila Ashoka huyo huyo, kwa karne nyingi, Wahindi wenyewe walikuwa hawamjui. Hakuna aliyeweza kusoma maandishi ya nguzo zake hadi mwaka 1837, James Prinsep alipoyafumbua huko Kalkata. Naye alikuta jina la mfalme asiyejulikana, Piyadasi. Aliyemtambua Piyadasi kuwa ni Ashoka alikuwa George Turnour, ofisa wa Kiingereza aliyekuwa Ceylon, Sri Lanka ya leo, na alimtambua kwa sababu watawa wa kisiwa kile walikuwa wameendelea kunakili tarehe zao za kale kizazi hadi kizazi. Naliweka jambo hili mapema kwa kuwa linaipinga hoja yangu, na nitalirudia. Bila watawa wa Ceylon, Prinsep angekuwa na herufi bila mtu.

Usahaulifu wenyewe unaweza kuonekana kwa macho. Karibu na Dhamek kuna duara la matofali lililolala chini, kama sakafu ya nyumba iliyobomolewa. Ndiyo iliyokuwa stupa ya Dharmarajika. Mwaka 1794 watu wa Jagat Singh, mkubwa mmoja wa Varanasi, waliivunja ili wapate matofali ya kujengea soko mjini. Ndani walikuta sanduku la jiwe lenye mabaki ya mifupa, na mifupa hiyo ikatupwa katika mto Ganges. Sioni chuki katika kitendo hicho. Kwa desturi ya Varanasi, mabaki ya marehemu kupelekwa Ganges ni heshima. Kinachotisha ni kwamba katika mji mkubwa wenye wasomi wa kila aina, kilomita kumi tu kutoka pale dini hii ilipotamkwa kwa mara ya kwanza, hakutokea mtu wa kusema: acheni, hii ni yetu. Hapakuwa na mwenyewe.

Jibu la haraka kwa nini hapakuwa na mwenyewe hutolewa Nalanda, katika jimbo la Bihar, na hutolewa kwa sauti ya uhakika: Waturuki walikuja na panga. Magofu ya Nalanda ni ya matofali mekundu, safu kwa safu za vyumba vidogo vinavyotazama ua wa kati, kila kimoja kikitosha kitanda cha jiwe na kijidirisha cha taa. Majeshi ya Bakhtiyar Khalji yalipita Bihar mwishoni mwa karne ya 12 na kuingia ya 13, na uharibifu waliouleta si hadithi ya kubuni. Lakini kumbebesha yeye kifo cha dini nzima ni kurahisisha mno, na msomaji wa pwani yetu, ambaye amezoea kuona lawama za kihistoria zikigeuzwa silaha dhidi ya jirani wa dini nyingine, ana sababu ya kudai ushahidi zaidi. Ushahidi upo. Xuanzang, mtawa wa Kichina aliyetoka Chang'an mwaka 629 hivi na kurudi 645, alisoma hapa Nalanda chini ya mwalimu mzee Silabhadra, na aliandika alichokiona njiani. Gandhara alikuta monasteri nyingi zimeachwa ukiwa. Shravasti, mji ambao Buddha aliishi misimu mingi ya mvua, ulikuwa magofu. Kapilavastu, mji aliokulia, hali kadhalika. Hayo ni zaidi ya miaka 500 kabla ya Bakhtiyar kufika. Kwa upande wa pili, Dharmasvamin, msafiri kutoka Tibet, alifika Nalanda katika miaka ya 1230, baada ya majeshi kupita, akamkuta mwalimu wa miaka zaidi ya tisini, Rahula Shribhadra, bado anafundisha wanafunzi kama sabini. Kwa hiyo ugonjwa ulianza kabla ya upanga, na upanga haukummaliza mgonjwa kwa siku moja.

Ugonjwa ulikuwa nini? Maelezo yanayonishawishi zaidi yanatokana na kulinganisha. Wajaini, ambao Nairobi na Mombasa tunawafahamu kwa jina la Oshwal na kwa mahekalu yao ya marumaru, walianza karibu wakati mmoja na Wabuddha, katika bonde lile lile la Ganges, wakiwa na watawa wakali kuliko wa Buddha. Walipitiwa na majeshi yale yale. Wakabaki. Tofauti ni kwamba Wajaini walikuwa na walei wenye mpangilio: wafanyabiashara wenye kanuni zao za maisha, wenye kujua kwamba wao ni Wajaini hata siku ambayo hakuna mtawa mtaani. Monasteri kubwa za Kibuddha ziliishi kwa mapato ya vijiji vilivyotolewa na wafalme. Wasifu wa Xuanzang unasimulia jinsi Nalanda ilivyolishwa na vijiji vya namna hiyo. Mkulima wa vijiji hivyo alimpa mtawa mchele, lakini mtoto wake alipozaliwa, alipooa na alipokufa, aliyeitwa mara nyingi alikuwa Brahmani, kuhani wa Kihindu. Mfalme alipogeuza ukarimu wake, au alipopinduliwa, monasteri ilikosa chakula, na nje ya ukuta wake hapakuwa na jamii ya kuirithi. Dini ilikuwa imewekwa yote mahali pamoja, ndani ya majengo.

Hapa Xuanzang mwenyewe ananiletea taabu, kwa kuwa alikuwa mtawa, tena msomi mkubwa, aliyerudi China na maandiko 657 na akatumia maisha yake yaliyobaki kuyafasiri hadi alipokufa mwaka 664. Sipunguzi sifa hiyo. Nasema tu kwamba kilichoifaa India kutoka kwake hakikuwa falsafa yake bali daftari lake la safari: umbali, mwelekeo, idadi ya monasteri, ipi nzima na ipi gofu. Kitabu hicho kilikamilika mwaka 646. Stanislas Julien alikitafsiri kwa Kifaransa mwishoni mwa miaka ya 1850, na Alexander Cunningham, mhandisi wa jeshi la Waingereza aliyeteuliwa mwaka 1861 kuongoza uchunguzi wa mambo ya kale ya India, akatembea nacho nchi nzima. Mahali Mchina alipoandika kwamba kusini-mashariki mwa mji fulani kuna stupa, Cunningham alikwenda kusini-mashariki na kutafuta kilima chenye matofali. Nalanda ilitambuliwa kwa njia hiyo, pamoja na mji wa Shravasti na mahali pengine pengi. Miaka zaidi ya 1,200 baadaye, shajara ya msafiri ilifanya kazi ya ramani. Katika ukumbi wa kumbukumbu ya Xuanzang uliojengwa karibu na magofu, sanamu yake inamwonyesha amebeba mzigo mgongoni, na nadhani waliochagua umbo hilo badala ya kumketisha akitafakari walielewa vizuri deni la India kwake.

Msomaji mwangalifu atasema: basi unatuletea hadithi ya zamani, kwamba Mzungu aligundua kilichokuwa mbele ya macho ya wenyeji. Pingamizi hili lina uzito, na Bodh Gaya, kusini mwa mji wa Gaya, ndiko linakoshika mizizi. Waburma, watu wa Myanmar ya leo, hawakuwahi kuisahau Bodh Gaya. Wafalme wao walituma watu kukarabati hekalu katika karne ya 11 na tena katika karne ya 13, wakaacha maandishi ya kushuhudia; na katika miaka ya 1870 Mfalme Mindon alituma ujumbe mwingine na mafundi. Ukarabati mkubwa uliosimamiwa na Cunningham na J. D. Beglar katika miaka ya 1880 ulifuata kazi ya Waburma, na kwa sehemu ulitokana na wasiwasi wa Waingereza kwamba Waburma wanaharibu mambo ya kale. Hata mti wenyewe, ule unaokumbusha mahali Buddha alipopata mwamko, una historia ya mikono mingi. Ule wa zamani ulianguka mwaka 1876, na Cunningham akapanda mche mpya mahali pake. Ndio huu unaoonekana leo, matawi yake yakiegemezwa kwa nguzo za chuma, na mahujaji wakiwahi kila jani linalodondoka kabla halijagusa sakafu. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: Cunningham alitoa ramani na kumbukumbu za kiserikali, jambo ambalo mahujaji hawakuwa nalo. Lakini kuijua Bodh Gaya hakukuanza kwake. Nao Waburma waliotuma dhahabu na mafundi walikuwa wafalme na mahujaji zaidi kuliko walimu wa monasteri, jambo ambalo halinidhuru.

Hekalu la Mahabodhi lina kimo cha mita 50 hivi, na sura yake ya leo ni ya piramidi iliyonyooka yenye minara midogo minne pembeni. Ukiingia ndani utakuta sanamu ya Buddha iliyopakwa dhahabu, nyuma ya kioo, na mbele yake, katikati ya sakafu, kuna linga, alama ya Mungu Shiva. Vitu hivyo viwili katika chumba kimoja kidogo ndivyo kiini cha ugomvi uliodumu zaidi ya karne. Tangu mwishoni mwa karne ya 16 eneo hili lilikuwa mikononi mwa ukoo wa viongozi wa Kishaiva wanaoitwa Mahant. Januari 1891 alifika hapa kijana wa miaka 26 kutoka Colombo, mtoto wa tajiri wa samani, aliyezaliwa Don David Hewavitarne na akajipa jina la Anagarika Dharmapala. Alikuwa amesoma makala za Edwin Arnold, mwandishi wa Kiingereza aliyelalamikia hali ya hekalu. Miezi michache baadaye, Mei mwaka huo, alianzisha chama cha Maha Bodhi Society, na mwaka 1893 alikuwa Chicago akizungumza katika Bunge la Dini za Dunia. Mwaka 1895 alijaribu kuweka sanamu kutoka Japani ndani ya hekalu; watu wa Mahant wakaiondoa; akaenda mahakamani. Hakimu wa Gaya alimpa haki, Mahakama Kuu ya Kalkata ikabatilisha hukumu hiyo. Alishindwa kesi, lakini suala lilikwisha kuwa la dunia nzima.

Mtazame mtu huyu kwa karibu. Zana zake ni gazeti, barua, safari za meli, mawakili, na michango ya fedha, hasa kutoka kwa Mary Foster, mama tajiri wa Honolulu aliyekutana naye alipokuwa akirudi kutoka Chicago. Hakuoa, alivaa nguo nyeupe, aliishi katikati ya mtawa na mlei. Utawa wa awali aliupokea 1931, mwaka ambao hekalu jipya la Mulagandhakuti lilifunguliwa Sarnath. Daraja kamili alilipata mapema 1933, na tarehe 29 Aprili mwaka huo akafa hapo hapo Sarnath. Kazi yote iliyompa jina aliifanya kabla ya kuvaa joho. Wala si mtu wa kusifiwa bila masharti. Maandishi yake kuhusu Waislamu na wageni wengine nchini Ceylon yalikuwa makali hadi kufikia matusi, na siasa za ukabila wa Kisinhala zilizokuja kukigharimu kisiwa hicho damu nyingi zinamtaja kama babu yao kwa haki. Mlei anayeokoa dini huileta nyumbani pamoja na hasira zake za nyumbani. Hiyo ni bei, na sidhani inafaa kuificha. Wasinhala wa kizazi chake walisambaa mbali: hekalu la Kibuddha lililopo Upanga, Dar es Salaam, lilianzishwa mwanzoni mwa karne ya 20 na wafanyakazi waliotoka kisiwani kwake, watu wa kazi za mikono na ofisi waliotaka mahali pa kuwasha taa siku ya mwezi mpevu.

Sasa nirudi kwenye pingamizi kubwa, lile nililoliacha Sarnath. Watawa wa Ceylon, Burma na Tibet ndio waliohifadhi maneno. Dharmapala asingekuwa na dini ya kuipigania kama si wao, na Ashoka angebaki jina kwenye jiwe. Hata mche ulioko Anuradhapura, uliotokana na mti wa Bodh Gaya, ulipelekwa huko katika karne ya 3 KK na mtawa, tena mwanamke: Sanghamitta, ambaye tarehe za kale za kisiwa zinamtaja kuwa binti wa Ashoka. Yote haya nayakubali. Lakini kuhifadhi ni kazi moja, na kurudisha ni nyingine. Hazina iliyotunzwa Ceylon kwa miaka 2,000 haikuvuka mlango mwembamba wa bahari kuja kuuliza habari za Sarnath mpaka alipotokea mtu mwenye tiketi ya meli na mtambo wa kuchapia. Watawa walijua maandiko. Hawakuwa na sababu ya kimonasteri ya kuuliza nani anamiliki kiwanja. Na hata Ceylon, monasteri zilidumu kwa sababu kijiji kizima kilijiita cha Kibuddha, kikazika na kusherehekea kwa Kibuddha. Walei walikuwepo. Kisiwa kinathibitisha nilichosema kuhusu Wajaini.

Kutoka Gaya hadi Nagpur ni safari ndefu ya treni kuelekea kusini-magharibi, na mandhari ya dini yanabadilika kabisa. Hakuna magofu. Deekshabhoomi ni stupa ya kisasa iliyochorwa na msanifu Sheo Dan Mal na kufunguliwa 2001. Kuba lake ni kubwa mno, na tofauti na stupa za zamani ambazo ni tofali tupu hadi katikati, hili lina ukumbi ndani, watu wanaingia na kukaa. Nje, vibanda vinauza sanamu ndogo za Buddha bega kwa bega na sanamu za bwana mnene mwenye miwani, suti ya buluu, tai nyekundu, kitabu kikubwa mkononi. Kitabu hicho si maandiko matakatifu, ni Katiba ya India. Watu husalimiana "Jai Bhim", kwa jina lake la kwanza. Bhimrao Ambedkar alizaliwa tarehe 14 Aprili 1891, miezi mitatu baada ya Dharmapala kufika Bodh Gaya, katika tabaka la Wamahar, watu ambao kivuli chao tu kilihesabiwa uchafu. Alipata shahada za udaktari New York na London, akawa wakili. Mwaka 1927 aliongoza maelfu ya watu kwenda kunywa maji ya bwawa la umma la Mahad, ambalo kisheria lilikuwa wazi kwao na kwa desturi limefungwa. Mwaka 1935 alitangaza kwamba ingawa alizaliwa Mhindu hatakufa Mhindu. Akangoja miaka 21, akisoma na kulinganisha dini, huku akiongoza kamati iliyoandika Katiba.

Tarehe 14 Oktoba 1956, kwenye kiwanja hiki, alipokea imani kutoka kwa U Chandramani, mtawa mzee wa Kiburma aliyeishi Kushinagar. Kisha akafanya jambo lisilo na mfano: aligeukia umati, unaokadiriwa kuwa watu zaidi ya laki tatu, na yeye mwenyewe, mlei mwenye kisukari aliyekuwa akitembelea fimbo, akawaongoza kuingia dini. Kwa mapokeo, mtawa ndiye anayetamkisha maneno hayo. Akaongeza viapo 22 alivyovitunga mwenyewe, vikiwamo vya kutoabudu miungu ya Kihindu na kutomtumia Brahmani katika ibada yoyote. Viapo hivyo vinagusa moja kwa moja ule udhaifu wa Nalanda. Ambedkar hakutaka Mbuddha ambaye harusi na mazishi yake yako mikononi mwa mwingine. Alikufa tarehe 6 Desemba, chini ya miezi miwili baadaye, na mtu angetegemea vuguvugu lizimike. Halikuzimika, kwa kuwa lilikuwa limeshawekwa majumbani. Sensa ya 2011 ilihesabu Wabuddha milioni 8.4 nchini India, na milioni 6.5 kati yao walikuwa katika jimbo hili la Maharashtra.

Wanaompinga husema hiyo ni siasa iliyovaa nguo za dini. Kitabu chake kilichotoka 1957 baada ya kifo chake, The Buddha and His Dhamma, huwapa silaha: ndani yake kijana Siddhartha, atakayekuwa Buddha, haondoki nyumbani kwa kuona mzee, mgonjwa na maiti; anaondoka kwa sababu ya mgogoro wa maji ya mto Rohini kati ya Wasakya na Wakoliya, akipinga vita. Katika utangulizi anauliza waziwazi mtawa ni wa nini, mtu wa kujikamilisha peke yake au mtumishi wa jamii. Wasomi wengi wa Kibuddha walikasirika. Mimi naona kwamba, kwa kipimo hicho, Ashoka naye atolewe kwenye orodha, maana amri ya Sarnath ni siasa kuliko kitabu chochote cha Ambedkar. Mgogoro wa Rohini wenyewe upo katika mapokeo ya kale, ingawa mahali pengine pa hadithi. Na jumuiya ya mwanzo, kwa maandiko yale yale ya Kipali, ilimpokea Upali kinyozi na Sunita mfagiaji. Lawama iliyo kali zaidi ni nyingine: kwamba Ubuddha huu umebaki kwa kiasi kikubwa dini ya Wamahar, haukuvuka kwenda kwa matabaka mengine kama alivyotaka. Takwimu za Maharashtra zinaonyesha hivyo, na sina jibu la kuzipinga. Walei hujenga dini kwa watu wanaowajua.

Tangu hapo watawa wamekuwa wakija nyuma ya walei. Surai Sasai, aliyezaliwa Japani, alifika Nagpur katika miaka ya 1960, akajiunga na watu wa Ambedkar na kuwa miongoni mwa viongozi wao, na kuanzia 1992 akaongoza kampeni ya kudai Bodh Gaya iwe chini ya Wabuddha peke yao. Ugomvi wa 1895 haujaisha. Sheria ya Bihar ya 1949 iliunda kamati ya Wabuddha wanne na Wahindu wanne, mwenyekiti akiwa mkuu wa wilaya, na hadi ilipobadilishwa 2013 mwenyekiti huyo alitakiwa kuwa Mhindu. Mapema 2025 watawa walianza mgomo wa kula Bodh Gaya wakitaka sheria hiyo ifutwe, na wafuasi wa Ambedkar wakasafiri kuungana nao. Wanaotoa hoja kwa upande wao hawategemei sana sutra. Hutaja kifungu cha 26 cha Katiba, kinachoyapa madhehebu haki ya kusimamia mambo yao ya dini, na kifungu hicho kilipita katika kamati ya bwana wa suti ya buluu.